Shoti Ndefu ya Mwendo: Namna ya Kuipanga na Wakati wa Kuiacha

Filamu nyingi hujengwa kwa vipande vifupi vya picha vinavyounganishwa na mhariri, na mtazamaji aliyezoea utaratibu huo hautambui tena mkato unaomtoa kwenye uso wa mwigizaji mmoja na kumpeleka kwenye uso wa mwingine. Shoti, yaani picha yote inayonaswa na kamera tangu inapowashwa hadi inapozimwa, kwa kawaida hudumu sekunde chache tu katika filamu za leo. Shoti ndefu ya mwendo huenda kinyume na desturi hiyo, kwa kuwa kamera husafiri pamoja na wahusika kwa dakika kadhaa, ikapita milangoni, ikapanda ngazi na kuvuka barabara, na katika safari yote hiyo mkato usionekane hata mmoja. Waongozaji wengi chipukizi huitamani kwa sababu ufundi wake huonekana waziwazi, na siku hizi simu ya mkononi pamoja na gimbali, kishikio chenye mota ndogo zinazotuliza mtikisiko wa mkono, vimeifanya ifikiwe na watu ambao zamani wasingeiota. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla kamera haijawashwa, na swali linalopaswa kutangulia halihusu kifaa bali linahusu muda: je, tukio linalosimuliwa linamhitaji mtazamaji aupitie muda wake wote, sekunde kwa sekunde, au linahitaji afupishiwe?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mkato ndicho chombo kikuu cha kufupisha muda katika filamu. Mhusika anaweza kuonekana akiingia kwenye ngazi za chini za jengo na, baada ya mkato mmoja, akaonekana akigonga mlango ulio ghorofa ya tano, na hakuna mtazamaji atakayelalamika kwamba ameibiwa zile ngazi za katikati. Shoti isiyokatwa huondoa uhuru huo na badala yake humpa mtazamaji uhakika kwamba kinachotokea mbele yake kinachukua muda ule ule ambao kingechukua maishani, na kwamba umbali kati ya kitu na kitu ni umbali wa kweli. Mhakiki wa Kifaransa André Bazin, aliyefariki mwaka 1958, aliitetea hoja hii kwa nguvu kuliko wengi wa wakati wake, akishikilia kwamba zipo hali ambazo maana yake hutegemea vitu viwili kuonekana pamoja, mahali pamoja na kwa wakati mmoja, na kwamba mkato katika hali hizo huiua maana yenyewe. Mwongozaji anayepanga shoti ndefu anapaswa kuweza kuutaja uhakika huo kwa sentensi moja, aseme ni nini hasa mtazamaji atakiamini kwa sababu tu hakukatiwa, na akishindwa kukitaja ni afadhali arudi kwenye mikato yake.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa utulivu ni ufunguzi wa filamu ya Touch of Evil ya mwaka 1958, iliyoongozwa na Orson Welles na kupigwa picha na Russell Metty, ambapo mitaa ya Venice huko California ilitumiwa kuwa mji wa mpakani mwa Mexico na Marekani. Shoti hiyo ya dakika tatu na ushee huanza na mikono ya mtu anayetega saa ya bomu. Mtu huyo anakimbia kando ya ukuta, analitia bomu kwenye buti la gari na kutoweka, kisha wanakuja mwanamume na mwanamke wanaocheka, wanaingia garini na kuondoka bila kujua wamebeba nini. Kamera iliyofungwa juu ya kreni inapanda juu ya mapaa, inalipoteza gari kwa muda, inalipata tena barabarani, inalitazama likisimamishwa na askari wa usalama barabarani, kisha inashuka na kuanza kuwafuata maharusi wawili wanaotembea kwa miguu, wanaoigizwa na Charlton Heston na Janet Leigh. Gari linawapita, linakwama nyuma ya mbuzi, wanalipita wao, na hatimaye wote wanafika pamoja kwenye kizuizi cha mpakani, ambako yule mwanamke wa garini analalamika kwamba anasikia mlio wa saa kichwani mwake. Gari linavuka, maharusi wanasogeleana wabusiane, mlipuko unasikika, na hapo ndipo mkato wa kwanza unapokuja kuonyesha gari linalowaka moto.

Mambo matatu katika ufunguzi huo yanastahili kuigwa na mtu mwenye bajeti ndogo kabisa. La kwanza ni kwamba bomu limeigeuza shoti yenyewe kuwa saa: mtazamaji anajua muda unakwisha, na kwa vile hakuna mkato, hawezi kujifariji kwamba mwongozaji ameuvuta au kuufupisha. La pili ni kwamba kamera hailifuati gari wakati wote, bali inaliacha na kulikuta tena, hivyo mtazamaji analitafuta kwa macho kila linapopotea, na utafutaji huo ndio unaomfanya akae mbele kwenye kiti chake. La tatu, ambalo wanaoiga shoti hii husahau mara nyingi, ni kwamba mkato unaoimaliza ni tukio. Shoti iliyokaa dakika tatu bila kukatwa huupa mkato wa kwanza nguvu ya kofi, na mwongozaji asiyejua atakifanyia nini kishindo hicho atajikuta amefika mwisho wa safari yake ndefu kwa sababu tu njia imekwisha. Kwa hiyo inashauriwa shoti ndefu ipangwe kuanzia mwisho wake kurudi mwanzo: kwanza ijulikane ni picha gani au sauti gani itakayoikata, kisha ndipo itafutwe njia ya kufika hapo.

Upande wa pili wa mfano huo ni Rope ya mwaka 1948, filamu ambayo Alfred Hitchcock aliipiga karibu yote kwa shoti ndefu ndani ya nyumba moja, kuta za seti zikiwa zimewekwa juu ya magurudumu ili zisogezwe kimyakimya kamera inapopita. Kamera ya wakati ule ilibeba takriban mita 300 za mkanda wa milimita 35, ambazo huisha kwa dakika zisizozidi 11, kwa hiyo mara kadhaa mkanda ulipokaribia kwisha kamera ilisogea hadi mgongoni mwa mwigizaji mpaka koti lake likajaza picha yote, na mkanda mpya ukaanzia hapo hapo. Hadithi ilikuwa na sababu ya kuheshimu muda, kwani inasimulia karamu moja ya jioni iliyoandaliwa na wauaji wawili juu ya kasha lenye maiti. Lakini mara kadhaa kamera huenda mgongoni mwa mtu kwa sababu ya mkanda tu, wala si kwa sababu ya karamu, na jicho la mtazamaji hulihisi jambo hilo hata kama haliwezi kulieleza. Hitchcock mwenyewe, alipohojiwa na François Truffaut miaka mingi baadaye, alikiri kwamba jaribio hilo lilipingana na imani yake juu ya umuhimu wa mkato katika kusimulia. Mtu aliyebobea kiasi hicho akitoa hukumu hiyo juu ya kazi yake, mwanafunzi wa filamu hana budi kuichukulia kwa uzito.

Vifaa vimebadilika sana tangu siku za mwanzo za sinema, ingawa mabadiliko hayo hayahitaji maelezo marefu. Mwaka 1914 filamu ya Kiitaliano ya Cabiria, iliyoongozwa na Giovanni Pastrone, ilivutia kwa kutumia kigari cha kamera, yaani jukwaa dogo lenye magurudumu, na miaka kumi baadaye F. W. Murnau na mpiga picha Karl Freund waliitembeza kamera katika The Last Laugh hadi ikashuka ndani ya lifti ya hoteli. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown alibuni Steadicam, mkono wa springi unaofungwa kwenye fulana ya mpiga picha ili mtikisiko wa hatua zake usiifikie kamera, na kifaa hicho kilionekana katika Bound for Glory na Rocky za mwaka 1976, kisha katika The Shining ya 1980. Kamera za kidijiti ziliondoa kikomo cha mkanda, na ndiyo maana Alexander Sokurov aliweza, tarehe 23 Desemba 2001, kuipiga Russian Ark yote, zaidi ya saa moja na nusu, kwa shoti moja ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage huko St. Petersburg, picha zikihifadhiwa kwenye diski. Leo simu ya kawaida inaweza kurekodi kwa muda mrefu kuliko kamera ya Hitchcock. Hasara ya neema hiyo ni kwamba kikomo kilichokuwa kikimlazimisha mwongozaji kufikiri kimeondoka, na sasa analazimika kujiwekea chake mwenyewe.

Upangaji mzuri huanzia kwenye karatasi. Mwongozaji achore ramani ya mahali kana kwamba anapatazama kutoka juu, aweke milango, ngazi, kona na madirisha, kisha achore mistari miwili, mmoja wa mwigizaji na mwingine wa kamera, akionyesha kwa namba ni wapi mistari hiyo inakutana, inaachana na inasimama. Baada ya ramani, njia yote itembewe kwa miguu huku mazungumzo yakisomwa kwa sauti na saa ikihesabu, kwa sababu kosa linalojitokeza mara nyingi ni njia kuwa ndefu kuliko maneno, waigizaji wakamaliza kusema na bado wanatembea, au maneno kuwa marefu kuliko njia, wakasimama mlangoni bila sababu. Watengenezaji wa 1917, filamu ya Sam Mendes ya mwaka 2019 iliyopigwa picha na Roger Deakins, walilitatua jambo hilo kwa gharama kubwa: waigizaji walifanya mazoezi kwenye viwanja vitupu huku njia zikiwekewa alama, na mahandaki yalichimbwa baadaye kwa urefu uliolingana na mazungumzo na hatua zao. Asiyeweza kuchimba handaki anaweza kubadilisha sentensi. Ni rahisi zaidi kuongeza au kupunguza maneno mawili matatu kwenye muswada kuliko kuusogeza mlango wa nyumba ya watu.

Kamera nayo inahitaji sababu ya kutembea. Sababu iliyo nyepesi na ya uhakika zaidi ni mtu wa kufuatwa, na hakuna shoti inayolifundisha jambo hili vizuri kama ile ya Goodfellas ya mwaka 1990, ambamo Martin Scorsese anamwonyesha kijana mhalifu Henry akimpeleka msichana Karen kwenye klabu ya Copacabana ya New York. Mshika Steadicam, Larry McConkey, anawafuata kwa nyuma kwa muda wa dakika tatu hivi. Wanavuka barabara, wanaikwepa foleni ya watu wanaosubiri, wanashuka ngazi za mlango wa pembeni, wanapita kwenye ujia mwembamba, wanaingia jikoni katikati ya wapishi na mvuke, na kutokea ukumbini, ambako mhudumu anainua meza juu ya vichwa vya wateja na kuja kuiweka mbele kabisa, karibu na jukwaa. Njiani Henry anawasalimu watu kwa utani na kuwatilia noti mikononi, na kila mmoja anamfahamu. Karen anashangazwa na pesa hizo na kumuuliza anafanya kazi gani, naye anamjibu kwamba yuko kwenye ujenzi.

Anayeitazama shoti hiyo kwa jicho la fundi ataona kwamba si mwendo mmoja bali ni mfululizo wa vituo vidogo, na kwamba kila kituo kina mtu, ishara ya mkono au neno linaloongeza jambo jipya juu ya uwezo wa Henry. Kutembea kutupu kunachosha baada ya sekunde chache. Kinachomzuia mtazamaji asichoke ni zile noti, bawabu anayefungua mlango, watu wanaowapisha kwenye ujia, na mwishowe meza inayopita hewani. Ataona pia kwamba kamera inakaa karibu na bega la Karen, kwa hiyo mtazamaji anaingia katika dunia hiyo kwa kasi ile ile anayoingia yeye na kulewa pamoja naye. Ni kwa sababu hiyo mkato ungeharibu kila kitu, kwani ungempa mtazamaji nafasi ya kujiuliza, na Scorsese hataki ajiulize bado. Ushauri unaotokana na hapo ni kwamba katika ramani ya shoti ndefu kila baada ya mita kadhaa kuandikwe kitu kipya kitakachoonekana au kusikika, na sehemu yoyote ya njia isiyo na kitu hicho ifupishwe au iondolewe.

Mwanga ndio huwashinda wengi. Katika shoti fupi taa huwekwa nyuma ya kamera na hakuna anayeziona, lakini kamera inayozunguka itaangalia kila upande, pamoja na upande ambao mafundi wamesimama. Suluhisho lililozoeleka ni kutumia taa ambazo zingekuwepo hapo hata bila filamu, kama vile balbu za dukani, taa za mezani, dirisha lililo wazi au taa za barabarani, zikiongezwa nguvu kwa kubadilishiwa balbu, na kuzificha nyingine nyuma ya nguzo na mapazia. Anayepiga kwa simu anapaswa kwanza kuufunga mwangaza na fokasi visijirekebishe vyenyewe, kwa sababu simu iliyoachwa ijiamulie hupapasa kila inapopita kutoka kivulini kwenda juani, na mpapaso huo humkumbusha mtazamaji kuwa kuna kifaa. Akishaufunga atakutana na tatizo la pili: kiasi kinachofaa barabarani huifanya sebule kuwa giza totoro. Hapo hana budi kuchagua moja kati ya kuongeza mwanga wa ndani na kuisogeza saa ya kazi hadi jioni, wakati mwanga wa nje na wa ndani unapokaribiana. Kwa wanaofanya kazi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, muda huo ni mfupi kuliko wa Ulaya, kwani karibu na ikweta jua hushuka karibu wima na giza huingia haraka. Kwa hiyo mazoezi yote yawe yamekamilika mapema, na dakika hizo chache zitumike kwa kurekodi tu. Mawingu nayo yana umuhimu wake. Wapiga picha wa ile 1917 ya Mendes walisubiri mawingu ili vipande vyote vilingane, na jua lilipotoka waliendelea na mazoezi.

Sauti haipaswi kuachwa iwe jambo la mwisho. Maikrofoni ya mti, ile inayoshikwa juu ya vichwa vya waigizaji, huingia kwenye picha au kuangusha kivuli kamera inapogeuka, kwa hiyo waigizaji wafungiwe maikrofoni ndogo zisizo na waya chini ya nguo, na sauti za mahali zirekodiwe peke yake baadaye. Wote wanaotembea nyuma ya kamera wavue viatu au wavae vyenye soli laini. Ni vyema pia kukumbuka kwamba sauti ndiyo inayomweleza mtazamaji kuwa amehama. Studio iliyotoa Touch of Evil iliandika majina ya watengenezaji juu ya ile shoti ya kwanza na kuitandazia muziki wa Henry Mancini, jambo ambalo Welles hakulitaka. Mwaka 1998 Walter Murch alipoihariri upya kwa kufuata waraka wa kurasa 58 alioacha Welles, aliyaondoa majina na kuacha sauti za mitaani, muziki wa baa moja ukififia huku wa baa nyingine ukikaribia na redio ya gari ikipita katikati. Picha ni zile zile, lakini mji unapata upana ambao haukuwa nao.

Kwa mshika kamera mwenyewe mashauri ni machache lakini hayana mbadala. Lenzi pana huuficha mtikisiko na kuviweka vitu vya mbali na vya karibu katika fokasi, ilhali lenzi inayovuta huukuza kila mtetemo. Atembee magoti yakiwa yamelegea, kisigino kikitangulia kugusa chini, na anaporudi kinyumenyume awepo mtu wa kumshika mgongoni na kumwelekeza kwa kumgusa bila kusema neno. Mtu huyo afanye mazoezi yote pamoja naye. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, kwa mfano, vinaonekana kana kwamba vilijengwa kwa ajili ya shoti za namna hii, lakini vina vizingiti, mabaraza na pikipiki zinazotokea kwenye kona, na mshika kamera anayetazama skrini havioni. Pia wapitanjia wana haki yao: vibali vichukuliwe, wenye maduka waelezwe, na watoto wanaopenda kutazama kamera wapewe kazi ndani ya picha, maana aliyepewa kazi huacha kutazama.

Waigizaji wa jukwaani huizoea shoti ndefu upesi kuliko waigizaji wa tamthilia za televisheni, kwa kuwa wamefundishwa kuendelea hata mambo yakiharibika, na uwezo huo wa kuendelea ndio unaohitajika zaidi. Katika upigaji wa Touch of Evil, simulizi za walioshiriki zinaeleza kwamba mwigizaji wa ofisa wa forodha alikuwa akikosea maneno yake kila safari yote ilipokaribia kukamilika, hadi Welles akamwambia achezeshe midomo tu, sauti itawekwa baadaye, na picha iliyotumika ilinaswa alfajiri ikiingia. Kila shoti ndefu huharibika, na atakayeipanga bila kuihesabia kuharibika atafadhaika siku yenyewe. Sokurov alipewa siku moja tu ndani ya Hermitage, na mshika kamera wake, Mjerumani Tilman Büttner, aliikamilisha safari katika jaribio la nne baada ya matatu ya kwanza kukatika. Sebastian Schipper alitumia jaribio la tatu kwa Victoria ya mwaka 2015, filamu ya dakika 138 iliyopigwa Berlin bila mkato. Katika Oldboy ya mwaka 2003, Park Chan-wook aliurudia ugomvi wa koridoni mara 17 kwa muda wa siku tatu, na uchovu unaoonekana kwa mpiganaji wake ni uchovu wa kweli unaoifaa hadithi.

Hatari zaidi ni kitu kisichoweza kurudiwa. Andrei Tarkovsky alipotengeneza The Sacrifice nchini Sweden, filamu iliyotoka mwaka 1986, shoti ya nyumba inayoungua ilipigwa mara ya kwanza na kamera ikakwama huku nyumba ikiteketea, ikabidi nyumba nyingine ijengwe na kuchomwa upya. Kwa hiyo chochote kitakachovunjwa, kumwagwa, kuchomwa au kuchafua nguo kiwekwe mwishoni mwa shoti, ili makosa ya mwanzo yasikigharimu, na kama haiwezekani kuwa mwishoni basi kinunuliwe cha akiba. Idadi ya majaribio ipangwe mapema kulingana na mwanga, betri na nguvu za watu.

Wapo wanaoona aibu kuficha mkato, kana kwamba shoti iliyounganishwa ni udanganyifu. Aibu hiyo haina msingi. Birdman ya mwaka 2014 na ile 1917 ya Mendes zote zimeunganishwa kwa mikato iliyofichwa gizani, nyuma ya ukuta au katika mgeuko wa haraka wa kamera, na mtazamaji bado hupata uhakika wa muda ule ule aliohitaji. Mwenye uwezo mdogo anashauriwa kupanga sehemu mbili au tatu za namna hiyo katika njia yake hata kama hana nia ya kuzitumia: mlango wenye giza, nguzo nene, mgongo wa mtu mwenye nguo nyeusi. Iwapo nusu ya kwanza imepatikana vizuri na ya pili imeshindikana, hatalazimika kuipoteza yote. Vilevile apige picha chache za karibu za tukio hilo hilo, za mikono, nyuso na vitu, kwa sababu mhariri anaweza kugundua wiki kadhaa baadaye kwamba dakika ya katikati inaivuta filamu nyuma, na mwongozaji aliyemnyima mhariri njia ya kutokea amejinyima yeye mwenyewe.

Yapo matukio ambayo yanaikataa shoti hii. Mazungumzo yanayotegemea jicho la anayesikiliza kuliko mdomo wa anayesema hupotea kamera ikiwa nyuma ya bega. Vichekesho vingi vinahitaji mkato ufike kwa wakati wake barabara. Maelezo marefu hayawi mepesi kwa sababu tu yanasemwa na watu wanaotembea. Wakati mwingine muda usiokatwa unahitajika lakini mwendo hauhitajiki kabisa. Katika Timbuktu ya mwaka 2014, Abderrahmane Sissako wa Mauritania anaonyesha mauaji ya mvuvi mtoni, kisha anaiweka kamera mbali sana na kuiacha imetulia, muuaji akivuka maji ya kina kifupi kuelekea ng'ambo huku nyuma yake aliyepigwa risasi akijaribu kuinuka na kuanguka. Hakuna kreni wala gimbali, kuna maji, mwanga wa jua linalozama na watu wawili wadogo sana, na hiyo ni miongoni mwa shoti nzito kuliko zote katika sinema ya Afrika ya karne hii. Aliyekwisha kupanga njia ndefu yenye kona nyingi anapaswa kujiuliza, kabla ya kuwaita watu kazini, kama tukio lake halingekuwa na nguvu zaidi kamera ikisimama mahali pamoja.

Msomaji anayetaka kuanza na aanze kwa kutafuta Touch of Evil katika toleo la mwaka 1998, aitazame shoti ya kwanza mara tatu: mara ya kwanza akiwa amezima sauti na akichora njia ya kamera kwenye karatasi, mara ya pili akiwa ameipa picha mgongo na kusikiliza tu, na mara ya tatu akiandika sekunde ambazo gari halionekani. Kisha achukue simu, amchague mtu mmoja mwenye kazi inayoanza na kumalizika ndani ya dakika mbili, mathalani mchuuzi anayefunga genge lake jioni au mama anayepeleka chai kwa wageni kutoka jikoni hadi barazani, amwombe ruhusa, atembee njia hiyo pamoja naye bila kurekodi mpaka aijue, ndipo arekodi. Asiongeze muziki. Awaonyeshe watu wasiojua alichokuwa akijaribu kufanya, na wakimuuliza habari za mchuuzi au za wale wageni, badala ya kumuuliza ametumia kifaa gani, ataweza kuendelea na shoti ya dakika tatu.